Kilio Nilichosomea Shuleni

Jumapili, Mei 1974. Nyumbani Magwagwa. Mvua ya mawe.

Imeanza saa nane na bado inapiga. Bati linavuma mpaka nikijisemea neno silisikii. Migomba ya nyuma ya jikoni imechanika majani yote, na chai iliyokuwa imechipua vizuri juzi sitaki hata kuitazama. Nimekalia kiti cha Baba kwa sababu hakuna tena wa kuniambia niondoke. Watu wanadhani nina huzuni. Nina dharau, tele, na nikiiacha kifuani itaniozea humo humo.

Daftari, vumilia. Leo nitakuandikia vibaya.

Tulimzika Baba Alhamisi. Ijumaa, udongo wa kaburi bado mbichi, jirani akaniletea barua kutoka posta. Bahasha safi, muhuri wa shule yangu ya sekondari. Mwalimu mlezi wa chama cha maigizo, kijana nisiyemjua hata kwa sura, ananialika siku ya wazazi nije niwaeleze wanafunzi juu ya faida ya kudumu ya maigizo katika maisha ya mtu mzima. Ati amesikia kwamba mimi na mheshimiwa diwani Makori ndio tuliokuwa nyota wa miaka ile ya sitini na kitu. Ati vijana wanahitaji mfano.

Faida ya kudumu!

Nilicheka peke yangu pale uani, katikati ya matanga, mpaka mke wangu Kemunto akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kama nimerukwa na akili. Nikamwambia ni kikohozi. Hakuamini, lakini kulikuwa na wageni wa kulishwa, akarudi kwenye sufuria zake.

Basi ngoja nimpe mwalimu huyu faida zake. Mimi ni karani wa kituo cha kununulia majani ya chai, kule upande wa Itumbe. Kazi yangu ni kusimama nyuma ya meza, akina mama wanamwaga vikapu vyao mbele yangu, nami natafuta majani yaliyokomaa. Majani mawili na chipukizi, basi. Likizidi hapo natupa chini. Na nikitupa sisemi kama watu wengine wanavyosema. Natoa ile sauti ya tumboni tuliyofundishwa shuleni, ile inayofika benchi la mwisho na mwenyewe hata shingo haijakaza. "Mzigo huu, mama, rudi nao ukachambue!" Foleni nzima inageuka. Mama wa watu, wa umri wa kunizaa, anainama kukusanya majani yake, na mimi nimeshageukia kikapu kinachofuata. Haya, aandike ubaoni. Faida ya kwanza.

Faida ya pili ni Makori mwenyewe.

Makori ni mtu wa Marani. Kidato cha pili alipewa kuigiza chifu, na tangu siku ile hajawahi kuvua lile joho. Sasa ni diwani. Hakuna maziko kuanzia Marani mpaka huku kwetu ambayo hajasimama kuhutubia. Hata kama marehemu hakumjua, hata kama marehemu alimchukia, Makori atakuja. Anaanza polepole. Anashusha sauti mpaka watu wanasogea ili wasikie. Halafu ananyamaza. Watu wanadhani amezidiwa na uchungu, masikini, wakati mimi nikiwa nimesimama pale najua hasa anachofanya: anahesabu. Moja, mbili, tatu. Ndipo kitambaa cheupe kinatoka mfukoni, na machozi yanatoka, ya kweli, ya maji, na akina mama wanasema jamani huyu ana roho ya utu.

Ana roho gani? Yale machozi tulifundishwa wote wawili, na mtu mmoja.

Tulimwita Bwana Sauti. Alikuwa mgeni wa kutoka ng'ambo, mwalimu wetu wa maigizo, mrefu, soksi zimemfika magotini. Wakati wa mazoezi alikuwa anakwenda kukaa benchi la mwisho kabisa la ukumbi, anakunja mikono, na anapiga kelele kwa Kiswahili chake cha maneno matatu: "Sauti! Huku sisikii!" Hata ungesema neno la siri, hata ungekuwa unakufa pale jukwaani, yeye kule nyuma lazima akusikie.

Ndiye aliyetufundisha kulia. Kodolea macho mahali penye mwanga, dirisha au bati, usipepese. Piga mwayo huku mdomo umefungwa. Vuta pumzi fupi fupi kama mtu aliyepanda kilima. Subiri. Mimi na Makori tulikuwa tunafanya mazoezi nyuma ya bweni baada ya chakula cha mchana, tumekodolea bati la jikoni, mbweha wawili wajinga. Makori alihitaji kuhesabu mpaka thelathini. Mimi ishirini zilinitosha. Ndicho kitu pekee nilichowahi kumshinda Makori katika dunia hii.

Yetu ilikuwa shule ya wavulana, kwa hiyo mwanamke wa kwenye mchezo alikuwa lazima atoke kwetu. Nilikuwa mwembamba na sauti yangu ilichelewa kuvunjika. Nikapewa kuwa mama. Mchezo wenyewe ulikuwa wa Kiswahili, tuliutunga wenyewe kwa ajili ya siku ya wazazi: chifu mkali, yaani Makori, amezuia watu wasivuke mto, na mtoto wa yule mama anafariki kabla ya kufikishwa kwa daktari. Basi mama analia. Kila kitu kilisimama kwenye hicho kilio. Nikilia vibaya, mchezo hakuna.

Nililia vibaya kwa majuma mawili. Kila nikijaribu Bwana Sauti anatikisa kichwa. Mara ati nimelia kama mtu anayeumwa jino, mara ati nimelia kama mtu aliyeibiwa baiskeli. Wenzangu wanaangua kicheko. Ndipo alasiri moja nikampa kilio ambacho kilinyamazisha ukumbi mzima. Bwana Sauti akatoka benchi la mwisho, akaja mpaka mbele, akanipa mkono.

Nilikitoa wapi?

Hili sijawahi kuliandika. Nilikitoa kwa Mama.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, Kwamboka. Surua ilimchukua nikiwa darasa la saba, hata miaka sita hajatimiza. Siku ile akina mama wengine walilia kama desturi, wakikimbia uani, wakijitupa chini. Mama hakukimbia. Alisimama mlangoni, mikono kichwani, akawa anamwita kwa sauti ya chini, ile ile ya kila asubuhi: "Kwamboka, amka, uji unapoa." Na akifika kwenye neno la mwisho sauti inakatika na kupanda juu, halafu inatulia, halafu anaanza tena. Alifanya hivyo mchana kutwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni namtazama. Sikujua kwamba natazama ili nije nitumie.

Nikakichukua chote, na mikono kichwani, na kukatika kwa sauti, na uji. Nikabadilisha jina tu. Hata gauni nililovaa jukwaani lilikuwa lake, la zamani la kanisani, lenye maua ya njano. Nilimwambia nalitaka kwa kazi ya shule, akalifua, akalipiga pasi, akanipa.

Siku ya wazazi Baba hakuja. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwake kuigiza ni kusema uongo kwa mwili mzima. Mama alikuja, kwa miguu, pamoja na akina mama wenzake wa huku Magwagwa, wakakaa benchi la tatu wakiwa wamefunga vitambaa vyao vizuri. Maneno ya Kiswahili walikuwa wanayapata nusu nusu. Ikafika zamu yangu. Kile kilio nilikuwa nakipiga kwa Kikisii, kwa sababu Bwana Sauti alisema hivyo ndivyo kinaingia. Nikaweka mikono kichwani, nikaita: amka, uji unapoa.

Mama akasimama. Akaweka mikono kichwani. Akalia.

Sasa kwetu mama mmoja akianza kulia wengine hawakai. Hawaulizi nani amekufa, hayo yataulizwa baadaye. Benchi lote la Magwagwa likainuka, halafu benchi la nyuma yao, halafu ukumbi mzima ukawa matanga. Akina mama wanakimbia katikati ya viti. Wazee wamevua kofia. Wasabato na Wakatoliki, ambao asubuhi hawakutaka hata kukaa pamoja, sasa wameshikana mabega wanalia. Makori amesimama na fimbo yake ya karatasi ngumu anapiga ukelele, "Nyamazeni! Mimi ndiye chifu!" na hakuna hata kuku aliyemsikiliza. Bwana Sauti alikuwa kule nyuma anapuliza kipenga. Mchezo ulifia hapo hapo.

Bwenini tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mimi ndiye niliyecheka zaidi ya wote. Kabla mtu hajamcheka mama yangu mbele yangu, mimi nilimcheka kwanza, kwa sauti. Nikamwigiza alivyosimama. Nikasema, "Mama yangu alidhani ni kweli! Ameliona gauni lake akadhani ni yeye!" Nikaipata sifa kubwa kwa hilo kuliko hata kwa mchezo wenyewe.

Na hiyo hadithi nimeila miaka yote hii. Nimeisimulia hotelini Kisii mjini juu ya chai na mandazi. Nimeisimulia kituoni. Nimeisimulia hata siku ya harusi yangu, na Kemunto akacheka, kwa sababu alikuwa bado hajamzoea mama mkwe wake. Washamba wasiojua mchezo na msiba, hahaha. Makori naye anaisimulia, kwa chumvi zake. Kwake Mama amekuwa anaruka jukwaani na kumkaba shingo.

Baba alisikia kutoka kwa majirani. Nilipokuja likizo nilimkuta ananoa panga. Hakunigombeza. Aliendelea kunoa, akasema bila kuinua macho, "Nasikia umelia mbele za watu na hakuna aliyekufa. Siku ya kulia kweli utalia na nini?"

Nilimdharau. Nilijiambia huyu ni mzee wa shambani, anajua nini cha sanaa. Nikainua nyusi moja juu, vile Makori alivyokuwa anamfanyia yule mama kwenye mchezo, nikaingia ndani. Nadhani aliiona ile nyusi.

Sasa Alhamisi.

Watu walijaa mpaka barabarani. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, jeneza likawekwa upande wa kulia wa nyumba, kando ya shimo. Na mimi tangu Jumanne, tangu nilipofika kutoka Itumbe na kumkuta amefunikwa, sikuwa nimetoa chozi. Hata moja. Nilijaribu usiku, nilijaribu asubuhi, wapi! Na kwetu kifungua mimba mwenye macho makavu kwenye kaburi la babake haambiwi ni shujaa. Watu wanaanza kuulizana anajua nini juu ya kifo hicho. Baba mdogo Ombati, ndugu wa marehemu, alikuwa ameshaanza kunitazama kwa pembe ya jicho. Nilijua mnong'ono ukianza hautaishia uani. Utanifuata mpaka kwenye meza yangu ya majani, na Mama ataachwa hapa aishi nao.

Akasimama nani? Makori. Hakualikwa, lakini tangu lini Makori akaalikwa? Alimsifu Baba kwa mambo ambayo Baba hakuyafanya. Halafu, ili awachangamshe watu, akaanza: "Familia hii, ndugu zangu, ni familia ya sanaa! Mama huyu mnayemwona hapa..." Nikajua. Akaisimulia yote, na gauni, na kuruka jukwaani, na kukabwa shingo. Watu walicheka. Pale pale, jeneza liko wazi, watu walicheka. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka na kanga imemfunika mpaka puani. Hakuinua kichwa.

Nilitamani kumsukuma Makori shimoni, na kitambaa chake. Lakini ningemsukuma kwa haki gani? Ile hadithi niliipika mimi.

Alipomaliza kuwachekesha akashusha sauti. Moja, mbili, tatu. Kitambaa. Machozi. Akasema, "Sasa namkaribisha mwanawe mkubwa, mwenzangu wa jukwaani."

Nikasimama. Kichwa kitupu, macho makavu. Watu walingoja. Nikasema Baba alikuwa mtu mwema, nikakwama. Baba mdogo Ombati akanisogelea, akanisemea sikioni, meno yamebana: "Lia basi, kijana. Watu wanakutazama."

Nikalia.

Nilikodolea bati la jikoni, jua lilikuwa linalipiga vizuri. Nikapiga mwayo mdomo umefungwa. Pumzi fupi fupi. Sikufika ishirini. Machozi yalikuja kwa utii, hayakuwa yamenisahau. Mikono ikapanda kichwani yenyewe, mdomo ukafunguka, na nikasikia kitu kinatoka: "Baba, amka, uji unapoa." Sauti ikakatika ikapanda juu, ikatulia, nikaanza tena. Baba hata uji alikuwa hanywi. Alikuwa mtu wa chai.

Akina mama wakakipokea kilio, uani kote kukatikisika. Baba mdogo alinishika bega, ameridhika, sasa mimi ni mtoto wa nyumbani. Ng'ambo ya kaburi Makori alinitikisia kichwa kidogo, kama fundi anavyomtikisia fundi mwenzake. Na Mama, ambaye alikuwa analia tangu Jumanne, akanyamaza. Alishusha kanga, akanitazama muda mrefu.

Nilidhani ananionea fahari. Mjinga mimi, tangu Alhamisi nimekuwa natembea nikidhani hivyo.

Leo asubuhi, kabla ya mvua, nilimkuta amekaa uani anapukuchua mahindi. Nikatoa ile barua ili nimchekeshe kidogo, nimwonyeshe jinsi watu wa shule walivyo bure kabisa. Nikamsomea, nikawa namtafsiria kwa Kikisii. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Wanataka ukawafundishe nini?" akauliza.

"Kulia, nafikiri. Kingine sikujua."

Akaliweka gunzi chini. Yeye huniita tata, yaani baba, kama akina mama wa huku wanavyowaita wana wao wanapowapenda au wanapowahurumia.

"Tata, siku ile ya shule, wewe unadhani nilidanganyika?"

Nikaanza kuikunja ile barua.

"Nilijua ni mchezo. Hata watoto wa mgongoni walijua. Nilikuona umetoka na gauni langu, nikawaambia wenzangu, yule ni wangu. Tulikuwa tunacheka sisi, tena sana. Halafu ukamwita Kwamboka."

Nikasema jina nilibadilisha. Hivyo ndivyo nilivyojitetea, mimi mtu mzima mwenye watoto.

"Jina ulibadilisha. Uji ulikuwa wake." Alikuwa anaongea polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Nilikuwa nimeshamlilia nikamaliza. Ukamwamsha. Na wale wenzangu walikuwa hapa uani siku tulipomzika, walikijua kile kilio. Wangekaaje, mimi nimesimama peke yangu?"

Kwa hiyo washamba tulikuwa sisi. Ukumbi mzima wa wanawake wa Magwagwa ulijua kilichotokea, isipokuwa mimi, na Makori, na Bwana Sauti na kipenga chake. Na wamekuwa wakitusikia tukiwacheka miaka yote hii, na hakuna aliyetujibu. Hata huyu Mama. Ameisikia ile hadithi harusini kwangu akiwa amekaa meza ya mbele, na akaendelea kula.

Nilitaka kumwomba msamaha. Hakunipa nafasi.

"Na Alhamisi umefanya tena," akasema. "Kile ni changu, tata. Baba yako mtafutie chako."

Akaokota gunzi lake, akaendelea kupukuchua.

Nimekaa na hayo maneno tangu asubuhi. Ugali umepita sijui una ladha gani. Mvua ya mawe ikaanza, nikaingia humu sebuleni, nikakufungua wewe daftari ili nimtukane Makori, kwa sababu kumtukana Makori ni rahisi na anastahili. Lakini sasa naona kurasa hizi, na huyu mwizi anayejitokeza humu hafanani na Makori hata kidogo. Makori angalau hulia kwa ujanja wake mwenyewe. Mimi hata ujanja niliazima, nikavaa na gauni.

Yule mwalimu kijana nitamjibu kesho kabla sijashika njia ya Itumbe, kwa mistari michache. Nitamwambia sitakuja. Au niende? Nikienda nitawaambia wale vijana ukweli mmoja tu, kwamba shule ilinifundisha kulia vizuri sana kilio cha mtu mwingine, na kwamba baba yangu alikufa nikawa sina cha kumlilia. Makofi hapo hayatakuwepo. Na yule mama wa juma lililopita, yule niliyemtupia majani yake chini, kesho nitamwambiaje? Nitamwita pembeni nimwonyeshe kwa mkono majani yaliyokomaa, kwa sauti ya mtu wa kawaida, kama ninayo bado.

Nimeacha kuandika kidogo, sasa nimerudi. Nieleze kilichotokea.

Mvua ya mawe ilipopungua nilitazama nje. Gambuti za Baba, zile buti zake za mpira za shambani, zilikuwa pale pale kwenye ngazi ya mlango, alipozivua Jumatatu. Watu wote wale waliopita juma hili, wamezivuka na kuzivuka, hakuna aliyeziingiza ndani. Zilikuwa zimesimama wima, zimejaa mawe ya mvua mpaka mdomoni.

Baba alikuwa na ugomvi mmoja na sisi maisha yake yote. Gambuti hazisimamishwi nje. Zinalazwa, au zinapinduliwa. Kila mvua ikinyesha, kabla hata ya kuuliza ng'ombe wako wapi, utamsikia kutoka chumbani: "Nani ameacha gambuti zinywe maji?" Ilikuwa ni mimi. Kila mara ilikuwa ni mimi, tangu nikiwa mdogo mpaka mwezi uliopita nilipokuja kumwona. Nilikuwa najibu "nimesahau" huku nacheka.

Nilisimama pale mlangoni nikingoja kuulizwa.

Nyumba ilikuwa kimya. Nikatoka, nikaishika ya kwanza, nikamwaga mawe, nikaipindua. Nikaishika ya pili. Ilikuwa nzito na baridi, na kisigino chake kimeliwa upande mmoja, kwa sababu alikuwa anautupa mguu wa kushoto. Nikajibu. Nikasema, "Ni mimi, Baba. Nimesahau."

Hapo kikatoka. Sikukodolea mahali popote. Ni kitu kibaya, kidogo, kinafanana na kwikwi, kinakwama kooni kinarudi, halafu kinatoka tena kupitia puani pamoja na kamasi. Hakina mikono kichwani. Hakina hata neno moja ndani yake. Nimechuchumaa kwenye ngazi, gambuti kifuani, maji yake yananiingia kwenye shati, na siwezi kukinyamazisha wala kukipandisha.

Bwana Sauti angekuwa ameshasimama juu ya benchi lake la mwisho anapiga kelele kwamba huku hasikii kitu.

Mama alikuwa jikoni, ng'ambo ya ukuta, amehamia huko na mahindi yake. Niliacha kuyasikia mahindi yakidondoka kwenye ungo. Amekaa kimya mpaka nimemaliza, ndipo akaanza tena.